Limefupishwa Kidogo

Bibi yangu Somoe binti Shee
alisoma msahafu, alisoma barua na hati za nyumba,
yote kwa herufi za Kiarabu.
Herufi za gazeti hakuzijua,
ila neno moja.

Gazeti lilifika Lamu lina umri wa siku kumi na mbili.
Lilianza kwa karani wa forodha, likapita kwa kinyozi,
likaishia dukani kwake Langoni, kufungia bizari.
Kabla hajalichana
Bwanaheri wa forodha humsomea kwa ujira wa tende saba.

Mwaka wa arubaini na sita. Vita vimekwisha,
na gazeti limejaa adabu:
*Kuna upungufu kidogo wa mchele.*
*Bei ya marekani imepanda kidogo.*
*Meli ya askari imechelewa kidogo.*
Bibi anatazama gunia, limelala chini kama kanzu iliyovuliwa,
anamuuliza Bwanaheri: hiki kidogo chao
ni kibaba au pishi?

Sisi nyumbani husema katiti.
Keti katiti. Tia chumvi katiti.
Katiti yetu ina mkono wa mtu ndani yake,
vidole vitatu vinavyoonekana vikibana chumvi.
Kidogo cha gazeti hakikuwa na vidole.

Halafu siku moja, ukurasa wa tatu, chini ya tangazo la sabuni:
*Katika mapigano ya mtoni huko Bama
hasara ya askari wetu wa Keya ilikuwa kidogo.*
Bwanaheri alisoma, akazila tende zake haraka,
akasahau kuaga.

Famau alikuwa Keya.
Famau alikuwa Bama.
Barua yake ya mwisho ilisema mvua ya huko haina adabu,
na kwamba anaidai Langoni sahani moja ya wali wa nazi.

Bibi akamwita Bwanaheri arudi. Nionyeshe lilipo.
Akaonyeshwa. Akaligusa kwa ukucha:
herufi sita, na zile o mbili
kama matundu ya kifungo kilichong'oka.
Tangu hapo alilijua popote lilipo.
Alichukua wino wa daftari la madeni
akalizungushia duara kila alipolikuta;
bizari ya Langoni mwaka ule
ilifungwa kwa karatasi zenye maduara.

Kisha akatunga. Watu walikuwa wakimpelekea mhariri mashairi,
naye akampelekea lake, beti nne.
Beti ya nne ninayo, iko kwenye daftari,
baina ya deni la samli na deni la mafuta ya taa:

*Mhariri nauliza, neno hili lanikera,*
*kidogo mwalitangaza, palipo kubwa hasara,*
*mchele nikiuuza, kibaba changu ni dira,*
*Famau ni pishi ngapi? Nipimieni nijue.*

Miezi miwili. Likatoka.
Bwanaheri alikuja mbio, gazeti juu kama bendera,
akasoma beti ya kwanza, ya pili, ya tatu,
za salamu, za dua, za kumsifu mhariri,
akafika chini akaanza kukohoa.
Bibi akamnyang'anya.
Hakuhitaji kusomewa. Kwenye mabano, kwa herufi nyembamba,
aliziona zile o mbili:

*(Limefupishwa kidogo kwa ajili ya nafasi.)*

Karatasi ile haikufungia bizari.

Mama anasema tangu siku ile neno lilifukuzwa nyumbani,
nalo, na katiti pia, maskini, isiyokuwa na kosa.
Ukiomba sukari, sema vijiko vingapi.
Ukiumwa, sema wapi, tangu lini, mara ngapi usiku.
Hata kuchelewa kulikuwa na hesabu yake:
hadi anakufa aliweka sahani moja zaidi
na kila Ijumaa alitia alama kwenye daftari.
Nimezihesabu. Elfu moja mia moja na nne.

Watu huniuliza kama namkumbuka bibi.
Ulimi wangu unaanza, ki—
naurudisha.
Namkumbuka mara tatu, nasema.
Mara mbili ni mikono, ya manjano hadi kwenye vifundo.
Mara moja ni sauti, kupitia mlango uliorudishwa,
inamuuliza mtu nisiyemwona:
Kiasi gani? Hebu niambie. Kiasi gani?